Baba Yake Bosi Mlangoni mwa Wodi

Mgeni wetu rasmi, ambaye ni Muuguzi Mkuu wa wodi ya watoto, meneja wa karakana, mafundi wenzetu, na wewe Bosi, uliyekaa mapajani mwa mama yako na barakoa yako usoni: hamjambo nyote.

UKARIBISHO

Karibu sana, mgeni rasmi. Tangu asubuhi tumefagia, sakafu tumeipiga maji mara mbili, na mashine ya randa tuliizima jana ili usikute hata chembe ya vumbi la mbao. Ulishatufukuza mara moja kwa ajili ya vumbi hilo, na si vizuri watu wazima kufukuzwa mara mbili kwa kosa lile lile. Ila leo uko kwetu. Ukitukaripia tutanyamaza, lakini kuondoka hatuondoki.

HISTORIA FUPI

Sisi ni mafundi kumi na wanne wa viti, meza na makochi. Wa kumi na tano ni mpiga msasa ambaye tumezoea kumwita Msasa, kwa kazi yake na kwa viganja vyake. Ni mtu wa maneno machache. Ukimuuliza habari za nyumbani atajibu "nzuri" hata kama nyumba inaungua. Maneno yote ya ukoo ule alipewa binti yake wa miaka minne.

Mtoto huyo alikuwa akija hapa na mama yake saa ya chakula cha mchana. Atakalia kila kiti kilichokamilika, atajitingisha, kisha atatoa hukumu: "Hiki kinalia. Rudia." Ndipo tukampa jina la Bosi. Meneja hakununa. Alisema angalau huyu anakagua.

Siku moja Bosi alikuja amebebwa mgongoni, akalazwa juu ya sponji za makochi, wala hakutazama kiti hata kimoja. Mshonaji wetu akaona madoa meusi miguuni mwake.

"Mtoto kaanguka wapi?"

"Hajaanguka," Msasa akajibu.

Zikafuata homa, damu za pua, vipimo na vipimo vingine. Siku ya majibu, Msasa alirudi kazini moja kwa moja, akachukua mguu wa meza akaanza kuusugua. Alisema bila kuinua uso: "Ni saratani ya damu." Akaendelea kusugua mguu ule ule mpaka ukawa mwembamba kuliko wenzake watatu. Fundi mkuu alimnyang'anya karatasi ya msasa mkononi, akamkalisha chini, naye akakaa pembeni yake. Meza ile hatukuiuza. Haisimami.

MAFANIKIO, KAMA YANASTAHILI JINA HILO

Mgeni rasmi, kusaidia tulitaka. Kujua namna ya kusaidia ndilo lililotupiga chenga.

Siku ya kwanza tulikuja wodini wote kumi na wanne, na nguo za kazi. Ulitusimamisha mlangoni.

"Nyie ni ukoo au timu ya mpira?"

"Ni wajomba zake, Sista."

"Wote?"

"Wote."

"Mtoto huyu dawa zimemshusha kinga ya mwili, na nyie mmebeba vumbi mpaka kwenye nyusi. Tokeni!"

Tukatoka, tukajipanga chini ya dirisha. Mama yake akamwinua Bosi atuone. Nywele zake zilikuwa zimeshaanguka. Akatutazama mmoja mmoja, akafika kwa fundi mkuu ambaye kichwa chake kina miaka ishirini hakijaona chanuo, akauliza kwa huruma: "Mama, na fundi mkuu naye amelazwa?"

Tulicheka, na fundi mkuu akacheka kutushinda wote. Kisha akaenda nyuma ya tangi la maji, akakaa huko kwa muda.

Baada ya hapo tukawa tunakwenda kwa zamu, tumeoga, kila mmoja na swali lake, "Shemeji, tukusaidie nini?", na kila mmoja na ndizi zake. Siku ya tisa shemeji alitutokea pale kwenye korido, macho mekundu.

"Shemeji zangu, nawashukuru. Lakini mkiniuliza niwape kazi gani, mnaniongezea kazi ya kuwapangia kazi. Ndoo ya nguo chafu ile pale. Mwanangu mkubwa anatoka shule saa nane, hana wa kumpokea. Bomba la nyumbani linavuja. Na ndizi, jamani, zimetosha."

Tangu siku ile hatukuuliza tena. Bomba likazibwa. Mtoto mkubwa akapokelewa kila siku, akafanya kazi za shule kwenye benchi la mshonaji. Kazi za Msasa tukagawana. Nguo zikafuliwa, ingawa yupo mtu aliyeloweka sare ya shule pamoja na shuka jekundu, mtoto akaenda darasani na shati la waridi. Mhusika hatutamtaja. Ni meneja.

CHANGAMOTO

Changamoto ni moja, mgeni rasmi, nayo unaifahamu kwa sababu inaning'inia mlangoni kwako: "Anayeruhusiwa kubaki na mgonjwa ni mama tu." Baba ana saa moja ya kutazama wagonjwa, basi.

Msasa aliheshimu tangazo hilo. Saa yake ikiisha alitoka bila kubembelezwa, akasimama nje ya mlango mpaka jua lishuke. Kwa siku ishirini na mbili mama alikuwa ndani peke yake, akilala sakafuni kando ya kitanda.

Siku ya ishirini na tatu mama akaamka na homa na kikohozi. Ukamzuia asimkaribie mtoto, na ulifanya haki. Lakini Bosi akabaki peke yake. Akakataa uji, akakataa dawa, akageukia ukutani. Yule mwenye maneno ya ukoo mzima hakusema neno mpaka mchana.

Msasa alikuwa mlangoni, kofia mkononi. Sisi hatujawahi kumsikia akiomba hata msumari. Siku hiyo alisema: "Sista, leo mama yake ni mimi."

Ulilitazama tangazo, ukamtazama yeye.

"Vua viatu. Nawa mikono mpaka kwenye viwiko. Na ukikohoa mara moja tu, nakutoa."

Alikalia ndoo iliyopinduliwa kwa siku tatu. Bosi aligeuka, akamkagua, akasema, "Baba, hicho si kiti," halafu akafungua mdomo akanywa dawa. Na Msasa akaongea, mgeni rasmi, siku tatu mfululizo! Alimsimulia kila kiti alichowahi kukisugua. Wauguzi wako ndio mashahidi, maana sisi mpaka leo hatuamini.

Mtu akiuliza, huko kwenu husemwa kwamba siku ile mlango ulijifungua wenyewe, labda bawaba zimelegea. Sisi ni mafundi, bawaba tunazijua. Tulizichungulia. Ni imara kabisa.

MAOMBI

Bosi amemaliza awamu ya pili ya dawa. Madaktari wanasema damu yake inaitikia, ila safari bado ni ndefu. Jumatatu anarudi kwako kuanza ya tatu. Itaishaje hatujui, na hatutajifanya tunajua.

Kwa hiyo tunakukabidhi viti hivi vinavyofunguka kuwa vitanda, ili mzazi asilale tena sakafuni. Tumeviacha bila vanishi kwa sababu ya harufu, na vitambaa vyake vinafutika kwa dawa ya kuua vijidudu. Ulipoingia ulivihesabu, tukakuona, ukauliza kwa nini ni kumi na sita na vitanda vyako ni vinane. Hesabu tunazijua, mgeni rasmi. Vinane ni vya akina mama. Vinane vingine tumevirefusha kidogo, kwa ajili ya watu wenye miguu mirefu.

Tumeona pia kwamba tangazo la mlangoni limekazwa kwa skrubu nne. Fundi mkuu ndiye atakayeleta viti hivyo Jumatatu, na bisibisi itakuwa mfukoni mwake. Ataoga kwanza. Atasimama hapo mlangoni, hatagusa kitu, atasubiri neno lako.

Mungu akuzidishie wepesi wa mkono unaposhika sindano, awape watoto wako wa wodini usingizi mtamu, na akulinde wewe unayewalinda.

Ni sisi wajomba zake Bosi, wote kumi na wanne,
Mafundi wa Karakana ya Viti na Makochi.

Imesomwa na mshonaji, baada ya fundi mkuu kujaribu mara tatu na kushindwa kumaliza.