Kinachomsumbua Asnath

Naomba radhi mapema, kisa hiki nitakisimulia ovyo. Mwenye kukijua vizuri ni msichana wa kidato cha tatu, naye hakuwepo. Waliokuwepo ni wanaume wenye majibu. Kijiwe chenyewe kiko Cheyo, na benchi lake ni gogo la mzinga wa nyuki lililostaafu. Ezekia muuza kahawa alilitoa porini likiwa tupu, na mpaka leo anaapa ndani mna asali. Asubuhi hiyo Leodgar, mshereheshaji wanayemwita Spika, alifika amevaa ile suti yake ya kuongozea harusi. Alikaa, akapokea kikombe, kikombe kikabaki mkononi bila kupanda mdomoni.

— Spika, nani anaoa Jumanne? aliuliza Marko wa bodaboda. Huyu wanamwita Msafara, maana haipiti siku bila kujisifu kwamba babu wa babu yake alikuwa mpagazi wa misafara.

— Naitwa shule saa tano. Binti yangu Asnath alidondoka mstarini jana. Wamempima malaria, hana. Mwalimu anasema ni msongo wa mawazo, anataka nikamweleze kinachomsumbua mtoto. Sasa mimi nitasema nini?

Ilikuwa saa tatu na nusu. Leodgar hakuja kunywa kahawa, alikuja kuazima jibu.

— Simu, alisema Tobias. Yeye ndiye Daktari wa kijiwe. Alilinda geti la hospitali miaka kumi na moja, na wagonjwa wote walipitia kwake.

— Hana simu, Daktari.

— Ndiyo hapo sasa. Wenzake wanazo. Simu ya mwenzio inachosha kuliko yako, kwa sababu huwezi kuizima.

Leodgar alitoa karatasi mfukoni, akaandika: simu.

— Mimi nasema chakula, alidakia Msafara. Asubuhi andazi, mchana chipsi, jioni soda. Sisi tumekulia michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Nani kati yenu amewahi kuona mtu anatafuna michembe huku ana mawazo?

— Atayapata wapi, alisema Ezekia. Muda wote anatafuta maji ya kuteremshia.

— Halafu hawatembei hawa. Babu wa babu yangu, miaka kumi na sita, jino la tembo begani, hapa mpaka Bagamoyo kwa miguu. Mlisikia ana msongo?

— Wewe ulimuuliza?

— Alikuwa anaimba njia nzima, bwana.

— Asnath naye alikuwa anaimba, alisema Leodgar taratibu. Kwaya ya Moraviani, sauti ya kwanza. Ameacha tangu Pasaka. Nilidhani ni mambo ya ukubwa.

Daktari alisogeza kikombe chake pembeni.

— Sikiliza. Ubongo wa mtoto akilala vibaya unahamia upande mmoja. Nimeuona kwenye picha.

— Picha ya Asnath?

— Ya mgonjwa mwingine, lakini ubongo ni ubongo. Mgeuzie kitanda, kichwa kielekee Kigoma.

— Kwa nini Kigoma?

— Reli si inaishia kule? Mawazo yakifika mwisho wa reli, yanashuka.

Leodgar aliandika na Kigoma pia. Akaitazama orodha yake, akaona inafanana na ratiba ya sherehe, imekosa keki tu.

— Lakini mjue sijamtelekeza, alisema. Saa kumi na nusu alfajiri namwamsha mwenyewe asome. Kila siku ya Mungu. Hata Krismasi nilimwamsha.

— Hayo ndiyo malezi, alisema Daktari, na Msafara akakubali kwa kichwa.

Hapo akafika dada mmoja aliyejifunga mtandio wa kijani.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu.

— Naitwa Najiat, natokea Isikizya. Nimeelekezwa kwa bwana Spika. Mdogo wangu anaolewa Jumamosi. Gari letu litapita huku Ijumaa mchana, hivyo vyombo vya muziki vya kukodi tuvichukulie wapi?

Leodgar aliamka kidogo. Kazi ni kazi.

— Nyumbani kwangu, pale penye bati la bluu. Gongeni mlango wa kulia, binti yangu Asnath atawafungulia. Vinakaa chumbani kwake, ndicho chenye mlango wa nje.

— Ijumaa mchana si atakuwa shule?

— Ataomba ruhusa. Amezoea.

— Na tukivirudisha usiku?

— Yeye huyohuyo. Hata vijana wangu wakirudi na vyombo saa saba, saa nane, wanagonga, anafungua, wanapanga spika.

— Kila sherehe?

— Msimu huu watu wameshauza tumbaku, wanaoana karibu kila siku.

— Sasa huyo mtoto analala saa ngapi?

Aliuliza hivyohivyo tu, kama mtu anayeuliza gari la Nzega linaondoka lini. Msafara alianza kufuta tangi la pikipiki yake, ambalo halikuwa na vumbi. Daktari aligeuka akaangalia upande wa Kigoma. Leodgar alihesabu kwa vidole, kuanzia saa nane mpaka saa kumi na nusu. Vidole viwili vikasimama, cha tatu kikabaki kimekunjwa nusu.

— Hajawahi kulalamika, alisema. Akifungua ule mlango ananiambia, pole na kazi, baba. Mimi namjibu kwa sauti ileile ya ukumbini. Nilikuwa nawatania wageni kwamba binti yangu ana bahati, analala na muziki.

Ezekia aliinamisha birika juu ya kikombe cha mgeni. Likatoka tone moja, halafu masimbi ya kahawa.

Leodgar aliikunja karatasi mara nne, akaisukuma ndani ya tundu la gogo, kule kwenye asali ya Ezekia. Akasimama, akafunga vifungo vya koti.

— Sasa utamwambia nini mwalimu? aliuliza Daktari.

— Nitamwambia kinachomsumbua mtoto nimekileta mwenyewe. Kimevaa suti.