Kidole cha Nne

LHOMOND: Haloo? Nani mwenzangu?

ARMELLE: Armelle Roudaut, wa Douarnenez. Ulishinda kwangu wiki mbili ukichungulia kile kitabu cha nota cha mama.

LHOMOND: Ah, Bi Armelle! Hujambo? Chapati zako za ngano nyeusi bado naziota—

ARMELLE: Sijambo. Nimesoma kitabu chako, Profesa. Sura ya sita.

LHOMOND: Kuna kelele hapa, watu wameshaingia ukumbini. Leo ndiyo wananipa tuzo ya kitabu hicho.

ARMELLE: Ndiyo maana nimepiga leo. Umeandika kwamba zile namba za penseli juu ya nota, za kuonyesha kidole gani kipige wapi, ni mwandiko wa Delvigne mwenyewe, mtunzi wa nyimbo zile. Eti alikikwepa kidole cha nne ili kuwaiga wapiga vinanda wa wafalme.

LHOMOND: Ni nadharia tu, Bi—

ARMELLE: Mama hakuwa na kidole cha nne. Kilikatwa na mashine ya kiwanda cha dagaa akiwa na miaka kumi na sita. Nilikueleza mezani kwangu, ukaniuliza mkono gani. Nikakwambia wa kulia.

LHOMOND: Haloo? Unakatika—

ARMELLE: Sikatiki. Miaka arobaini aliwafundisha piano watoto wa mji huu kwa vidole tisa. Namba zile alijitungia mwenyewe, wimbo kwa wimbo, ili muziki wa bwana mkubwa yule umkubali. Wewe umezichukua ukampa marehemu ambaye hakosi kitu.

LHOMOND: Sikiliza, dada yangu. Chapa ya pili nitaweka shukrani. Jina la mama yako, kamili.

ARMELLE: Shukrani kwa lipi? Kwa kutunza karatasi?

LHOMOND: Nilijisahau. Mtafiti naye ni binadamu.

ARMELLE: Ulijisahau. Basi ile picha ya ukurasa, hapo katikati ya kitabu chako. Pembeni mama aliandika, "Armelle, usikimbie." Kwenye picha hakuna.

LHOMOND: Labda ni mwanga wa kamera.

ARMELLE: Nikafungua kitabu chenyewe cha mama, nikakiinamisha dirishani. Penseli imefutwa. Alama imebaki kwenye karatasi, inaonekana ukiinamisha.

LHOMOND: Bi Armelle... wanaanza kuketi.

ARMELLE: Nilikuwa na miaka minane, nikiharakisha kila wimbo anaonifundisha. Mama hakuwa mtu wa kuandika barua. Maneno yale mawili ndiyo niliyobaki nayo.

LHOMOND: Yangeharibu sura nzima, mwandiko ni ule ule wa namba. Nina miaka kumi na mmoja kwenye kitabu hiki. Usiniaibishe leo, nakusihi.

ARMELLE: Ulifutia wapi? Kwako Paris?

LHOMOND: Hapana. Hapo hapo kwako. Ulikuwa umetoka kununua siagi.

ARMELLE: Kwa raba ipi? Mimi sina raba.

LHOMOND: Ilikuwa... juu ya piano. Kwenye kile kibakuli. Naitwa, Bi Armelle, naitwa jukwaani, tutaongea—

ARMELLE: Hiyo ni ya mama.

(Simu imekatwa.)