Miaka Thelathini na Mmoja Kando ya Mtambo wa Mvuke

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja katika hospitali yetu ya kanisa, anastaafu fundi wa mtambo wa mvuke unaotakasa vifaa vya upasuaji. Wauguzi humwita Mzee Dakika, na wanajua kwa nini. Mkasi ukitoka mapema hata kwa dakika moja, basi si yeye aliyekuwa zamu.

Alianza akiwa kijana mwembamba mwenye sauti ya besi kubwa kuliko yeye mwenyewe. Madaktari wengi wamekuja na kuondoka, na karibu kila mmoja ameonja kugombezwa naye kwa kutaka mlango wa mtambo ufunguliwe kabla ya wakati. Mganga mkuu wa sasa alifukuzwa pale wiki yake ya kwanza kazini. Bado anakisimulia kisa hicho huku akicheka.

Kuna jambo ambalo Mzee Dakika hakutaka lifichwe, nami nimemtii. Mwaka wake wa nane, akiwahi mazoezi ya kwaya, alitoa vifaa kabla joto halijafika kiwango. Vidonda vya wagonjwa watatu vikaoza, na mama mmoja akalazwa wiki saba. Uchunguzi ulipofanyika alinyamaza, na lawama zote zikamwangukia msaidizi wake, aliyehamishiwa kufua mashuka. Msaidizi huyo ni mimi.

Miaka minne baadaye alisimama katika ibada ya asubuhi akasema yote, bila kujitetea. Alishushwa cheo, mimi nikapewa nafasi yake, yeye akawa chini yangu. Alimtafuta yule mama hadi nyumbani kwake, akapiga magoti mbele ya wanawe. Watu wakimsifu kwa mateso anayojitwika, hukataa katakata. Husema dhambi yake ilishabebwa msalabani, na kwamba kutubu ni kugeuka, si kujipiga.

Wote mmemwona akisimama wima dakika zote arobaini za kutakasa vifaa, macho kwenye kipimo cha joto. Wahubiri wetu wameshamtaja mara nyingi tu kama mfano wa toba. Ukweli ni kwamba hakuwa na kiti. Nilikiondoa siku yangu ya kwanza ya ukubwa, nikasingizia kwamba chumba ni kidogo. Chumba kinatosha. Nilitaka aumie. Alinitazama mara moja, akaendelea na kazi, na kwa miaka kumi na tisa hakunisema kwa mtu, hata miguu ilipoanza kumvimba. Nami kila asubuhi nilikaa naye benchi moja kanisani, nikaimba.

Mwezi uliopita aliomba wasifu huu niuandike mimi. Nilidhani ananitania. Nimeuandika mara tatu bila habari ya kiti, na mara zote tatu nikauchana.

Kaka, uliponiomba msamaha nilikujibu kwamba yameisha. Nilikudanganya. Leo ndiyo yameisha kwa upande wangu, na sasa mwenye kuomba ni mimi. Asante kwa kila mgonjwa aliyetoka hapa kwa miguu yake bila kujua jina lako. Wewe na shemeji tunawaombea afya, usingizi mzuri na wajukuu watundu. Ijumaa, kabla hujarudisha funguo, nitakuomba mkono wa msamaha mbele ya wote. Najua utanipa, na hilo ndilo linaloniuma.