Justa Mbuke Jilala na Mwiko wa Samuye

Ndugu zangu mliofika Samuye leo, Jumamosi tarehe 11 Julai 1987, tunayemsindikiza ni Justa Mbuke Jilala, mtoto wa kwanza wa Mzee Jilala. Alizaliwa hapa hapa Samuye tarehe 14 Machi 1934.

Mwaka 1944 shangazi yake alimchukua kwenda Ushirombo, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nne. Alirudi na ufundi wa kushona na mwandiko mzuri. Mwandiko huo ndio uliomponza, maana baba yake aliona amepata karani.

Tarehe 6 Juni 1953 alifunga ndoa na Stanslaus, fundi wa mashine. Mume alifanya kazi Geita. Mke alibaki Samuye akilima pamba na kushona magauni. Walionana likizo hadi likizo.

Mwaka 1964 Mzee Jilala alianzisha mkutano wa ukoo: kila Agosti, pamba ikishauzwa, siku tatu, ndugu wote. Siku ya mwisho, ugali ukishaliwa, mwenyeji alisimama na mwiko mkubwa akauliza, "Nani anapokea?" Atakayeushika ndiye mwenyeji wa mwaka unaofuata. Mzee alipokaribia kufariki, mwaka 1970, alimkabidhi Justa mwiko huo. "Usiuweke chini mpaka mwenzako aupokee," alimwambia.

Basi ukamganda mkononi. Kila mwaka, kuanzia Mei, aliandika barua za mwaliko na kuwapa makondakta wa mabasi wazifikishe hadi Runzewe. Operesheni ya vijiji ya mwaka 1974 ilipohamisha watu, ndugu hatukujua nani yuko wapi. Yeye alijua, nyumba kwa nyumba. Mwaka ule sukari ilipoadimika, alitunywesha uji wa asali. Na kila alipouinua mwiko, lo, ungetuona! Huyu kakumbuka basi lake, yule kaficha mikono mgongoni kama mtoto aliyeiba karanga.

Mwaka 1971 Stanslaus alipata nyumba Geita, akamletea mkewe ufunguo. Justa alipanga nguo sandukuni, akasubiri mkutano. Siku ya tatu akasimama.

"Jamani, mume wangu ananiita. Naombeni mmoja wenu aupokee."

Mdogo wake Onesmo, mwalimu wa Runzewe, mwenye nyumba ya bati na uwanja mpana, akajibu, "Sasa dada, ukienda, sisi tutakula wapi?"

Watu wakaangua kicheko. Justa naye akacheka, huku akifuta macho kwa pindo la kanga. Kesho yake Stanslaus alipanda basi peke yake.

"Mwaka ujao, baba Tabu," alimwambia. Alimwambia hivyo kila mwaka.

Binti yake Tabu alimuuliza siku moja kwa nini asiondoke tu. "Nikiondoka, watoto wenu watapishana njiani bila kusalimiana," alijibu. "Nikibaki, nimemnyima baba yenu mke. Nimefungwa, mwanangu." Kisha akaendelea kupepeta mchele.

Mwaka 1985 alianza kuugua presha, miguu ikavimba. Agosti iliyopita alisonga ugali akiwa amekaa kwenye kigoda, nasi tukamsifu kwamba bado ana nguvu! Aibu yetu hiyo, na tuibebe. Tarehe 28 Juni alilazwa Shinyanga mjini. Alifariki Alhamisi tarehe 9 Julai, saa nne asubuhi. Neno lake la mwisho kwa Tabu lilikuwa, "Barua za Runzewe zimekwenda?"

Ameacha mume, Stanslaus, watoto watatu, Tabu, Donatus na Paskalina, wajukuu tisa, na ninyi wote mnaojuana kwa majina kwa sababu yake.

Jana Tabu alifungua lile sanduku. Ndani yake mlikuwa na kanga zilizokunjwa, sufuria mbili, na ufunguo wa nyumba ya Geita. Stanslaus aliuchukua ufunguo, akamwekea mkewe mkononi.

Mwiko hatukumwekea. Onesmo, ambaye ndiye anayewasomea haya, ameupokea leo asubuhi, miaka kumi na sita baada ya kuombwa. Mwanamume na mwiko, chekeni mkitaka. Agosti hii tunakutana Runzewe.

Pumzika, dada. Hakuna atakayekuuliza tena tutakula wapi.