Mshonaji Mlangoni, Saa Kumi Alasiri

Ndugu, majirani na wafiwa wote, anayewasomea haya ni mdogo wake marehemu, aliyeombwa na familia kwa kuwa wengine wamezidiwa na kilio, naye ameyaandika mwenyewe, kwa hiyo yasiyopendeza alaumiwe yeye.

Marehemu, mliyemzoea kwa jina la Rula, alizaliwa tarehe 11 Machi 1948, katika chumba cha nyuma cha karakana ya fremu ya baba yao, akasoma hadi darasa la nane, akishika namba moja kila mwaka, na kila mwaka mdogo wake akaulizwa kwa nini asiwe kama kaka yake.

Mwaka 1964 alianza kazi ya kuandika mabango ya maduka, na vita vilipozuka, Juni 1971, mdogo wake akachukuliwa jeshini, yeye akaachwa kwa sababu ya mguu wake mfupi. Ndipo, kutoka dirisha la ghorofani, alipochora ile picha mnayoijua, mtaa mtupu mchana kweupe, maduka yamefungwa, kiti cha kinyozi hakina mtu, na mshonaji amesimama mlangoni, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Marehemu hakuchora asichokiona wala hakuficha alichokiona, hata kinyozi alipomsihi aufute ufa wa kioo chake alikataa, wakanuniana mpaka vita vikaisha.

Mshonaji huyo alikuwa mchumba wa mdogo wake. Zikaja habari kwamba kikosi kizima kimeteketea, na tarehe 2 Juni 1973 marehemu akamwoa, baadaye wakajaliwa mabinti wawili, na mdogo mtu aliporudi Novemba mwaka huo huo, mzima kabisa, alipokewa na shemeji. Picha ikasifiwa kila mahali, na mdogo mtu kila alipoitazama alimwona mshonaji akielekeza macho kwa mchoraji, akajisemea kumbe hawa walianza zamani, wivu ukamkaba, hakuoa.

Januari mwaka huu, 2020, marehemu alizidiwa na maradhi ya mapafu, na Jumanne, tarehe 4 Februari, akiwa kitandani kwake, alimweleza mdogo wake jambo ambalo aliyekuwa vitani asingelijua, kwamba miaka ile posta ilihamishiwa chini ya dirisha lake, na kila saa kumi mshonaji alisimama kuangalia kama tarishi atatoka na barua ya mchumba wake. Aliyachora macho yale akijua yanamngoja nani, akasema, na kwa miaka arobaini na sita ya ndoa hakutazamwa hivyo hata mara moja, akamwonea wivu mdogo wake kimyakimya. Alifariki Alhamisi, tarehe 6, saa mbili asubuhi.

Mjane alipewa karatasi hii jana, akairudisha bila kufuta neno.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliokesha nasi, na mafundi wenzake walioandika jina lake kaburini kwa mkono uliotulia.

Pumzika, kaka, amani ikae nawe. Mdogo wako alipata mtazamo mmoja, wewe ukapata miaka arobaini na sita mezani pamoja naye, na hata leo, ulivyolala hapo, angekubali mbadilishane.