Sairagul, Aliyemfungulia Mlango Kitindamimba Wake

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Sairagul, mwalimu wa michezo wa hapa wilayani kwetu Kochkor. Amefariki Machi hii. Figo zilikataa. Nilisoma naye chuo cha ualimu, nikafundisha naye shule moja, kwa hiyo sitampamba. Alikuwa na mdomo mkali na filimbi kali zaidi.

Alikuwa mjane mwenye watoto wawili. Mkubwa ni Nurzat, ameolewa kijiji cha jirani. Mdogo ni Ermek, mgonjwa wa kisukari tangu utotoni. Shikeni hilo: Ermek ndiye mdogo. Kwetu mwana wa mwisho haondoki. Anarithi nyumba na anamtunza mama.

Namkumbuka Ermek akiwa na miaka tisa, kwenye karamu ya harusi. Alipandisha shati mezani, kati ya nyama na peremende, akajichoma insulini mwenyewe. Bibi yake akamrushia Sairagul shali. "Mfunike! Watu wanaona!"

"Waone," akasema Sairagul. "Haibi kitu cha mtu."

Kubat, kaka wa marehemu mume wake, akamsogezea mtoto sahani ya asali. "Mwanamume hakatai chakula cha wenyeji."

"Kula wewe, shemeji. Ukizimia tutakubeba."

Watu walicheka. Kubat hakucheka.

Ermek alipomaliza shule, alitaka kwenda mji mkuu, Bishkek, kujifunza ufundi wa lifti. Ukoo mzima ulijaa sebuleni kwa Sairagul. Kitindamimba, tena mgonjwa? Akianguka huko je?

"Hata hapa ataanguka," Sairagul aliwajibu. "Huko ataanguka mbele ya watu aliokwisha kuwaeleza la kufanya. Hapa mtamfunika shali."

Begi alimfungia mwenyewe.

Wasikilizaji wapendwa, msidhani ilikuwa rahisi. Kila asubuhi alimpigia kijana simu kuuliza sukari yake. Ermek akachoka. "Mama, ukipiga kuuliza sukari, sipokei. Ukipiga kunigombeza, napokea." Basi akawa anapiga kumgombeza. Siku moja kwenye chumba cha walimu aliniambia, "Nimemlea aweze kuniacha. Kaweza. Sasa nalia nini?" Akapuliza pua, akaenda uwanjani.

Kisha figo zake zikaharibika. Ikabidi aende hospitali mjini Naryn kusafishwa damu kwa mashine kila baada ya siku moja au mbili. Sote tulijua, Kubat pia. Ermek peke yake hakujua. Nurzat alimbembeleza mama yake wamwambie. Akakataa. "Akijua atarudi. Akirudi, hamtamwacha aondoke tena." Ermek akipiga simu mama akiwa kwenye mashine, anauliza, "Mama, ni nini hicho kinacholia?"

"Mashine ya kufulia ya jirani. Wewe umekula?"

Kubat ana gari, na lilienda kwenye kila karamu ya wilaya hii. Kwenda Naryn, mafuta hayakuwepo, au tairi halikuwa zuri, au barafu ilikuwa nyingi. Sairagul alisimama stendi kungoja gari la abiria lijae. Februari yote theluji ilikuwa mlimani. Siku nyingine gari halikujaa, akarudi nyumbani bila kusafishwa. Nurzat anasema, "Mama alikuwa anarudi amevimba miguu, ananiambia barabara imefungwa. Barabara ilikuwa wazi."

Halafu akafa. Na hapo, wasikilizaji wapendwa, magari yakapatikana. Hema la msiba likasimamishwa. Kubat akaleta farasi mnono wa kuchinjiwa waombolezaji, kama ilivyo desturi yetu.

Ermek alifika analia tangu barabarani. Wanaume walikuwa wamesimama nje ya hema, wameegemea fimbo, wanalia kwa sauti kama desturi inavyotaka. Kubat akaacha kulia ili amseme. "Mama yako anakufa, wewe unapanda na kushuka lifti! Mwana gani wewe?"

Nilikuwa pale, nimeshika birika. Nurzat akatoka ndani ya hema.

"Baba mkubwa, gari lako lilikuwa wapi?"

Mzee mmoja akakohoa. Mwingine akamwambia Nurzat akatazame chai.

Baada ya maziko Kubat akatangaza: nyumba ni ya Ermek, kwa hiyo Ermek anabaki. Kijana alipima sukari yake kwanza, mbele ya wote. Kisha akasema, "Mama alinifungulia mlango mwenyewe. Nyumba achukue dada."

"Unamzimia marehemu baba yako moto wa nyumba yake!" Kubat akafoka.

"Nurzat anajua kuuwasha."

Asubuhi alipanda gari la Bishkek. Ukoo ulikuwa bado unakula nyama ya farasi. Hakuna aliyeinuka kumuaga isipokuwa dada yake.

Nurzat, Ermek, poleni sana. Shemeji Kubat, pole na wewe. Farasi alikuwa mnono.

Tunasema kitindamimba yule alimtupa mama. Hivi tulitaka nini? Tulitaka kijana mgonjwa aache kazi arudi, ili sisi tuendelee kuegesha magari. Sairagul alilijua hilo, ndiyo maana alinyamaza mpaka akafa. Fikirini hilo leo. Kesho alfajiri pale stendi atasimama mama Burma, fundi cherehani, anakwenda Naryn kusafisha damu. Kitindamimba wake yuko mbali, na hajui.