Nedo Pisa, Mtu wa Livorno

Ndugu waombolezaji, naomba radhi mapema, maana historia hii nitaisoma vibaya, mimi nimezoea jukwaa la vichekesho, ambako maiti huamka pazia likishuka, na huyu wetu nimemtazama tangu asubuhi, hana dalili.

Marehemu Nedo Pisa, kaka yake baba yangu, alizaliwa hapa Livorno tarehe 4 Machi 1948, akibeba jina la mji ule jirani, mahasimu wetu, ambao kuuhusu sote tunasema heri maiti ndani kuliko Mpisa mlangoni. Karne tatu zilizopita babu yetu alitoka Pisa kuja kuchimba mifereji, majirani wakamwita kwa mji wake, padri akaandika, likaganda. Alisoma hapahapa hadi 1962, darasa likizomea kila mwalimu alipomwita, akaendesha winchi bandarini hadi 2003, wenzake wakimwita Balozi, eti wa Pisa, na tarehe 20 Juni 1971 alimwoa Ilva, ambaye baba yake alitoa idhini huku ameugeukia ukuta, wakajaliwa binti mmoja, Loriana, aliyerithi jina pamoja na zomeazomea yake.

Basi aliapa hatakanyaga Pisa, kilomita ishirini tu, na kila aliposafiri kwa treni ya Florence, ilipopita huko alijifungia chooni mwake hadi ivuke. Januari hii moyo ulipomsumbua, madaktari wetu wakasema upasuaji huo ni Pisa tu. Alikataa wiki nzima.

"Nikifia kule watasema nimerudi kwetu," alimwambia mkewe.

"Na ukifia hapa, Nedo, nitasema mwenyewe kwamba niliolewa na punda," alijibu Mama Mkubwa Ilva, huku anamkunjia pajama.

Mimi nikamwahidi kwamba Jumapili nitamrudisha, ndipo akanyanyuka. Alifariki kule baada ya upasuaji, Ijumaa tarehe 9 Februari 2024, akiwa ameomba pazia la dirisha lifungwe, asiuone mji.

Familia inawashukuru majirani, wenzake wa bandarini, na, nisemeje, madaktari wa Pisa, waliompigania kama ndugu yao wa damu.

Jumapili nilimrudisha kweli, dereva wa gari la maiti akinifuata mimi, kwa kuwa nilijigamba naijua njia. Baba Mkubwa, lala kwa amani hapa kwenu, na unisamehe ile ziara, maana tulipotea, tukakuzungusha Pisa yote mara tatu, njia ilitaka kuulizwa, na mimi, hata kwa ajili yako, singemwuliza Mpisa.